Maji ya Baba Mdogo

Kitabu chenyewe hakina mwisho. Kinaishia ukurasa ambao mwanamke mmoja anafungua mlango, basi. Baada ya hapo ni jalada tu na mabaki ya karatasi zilizochanwa ovyo. Nilikiokota juzi chini ya kabati la mama kule Igogo, nilipokwenda kumsaidia kuhamisha vitu apake rangi sebule. Nikakinusa. Sijui kwa nini nilikinusa, maana mtu mwenye akili zake hanusi kitabu kilicholala chini ya kabati miaka yote hiyo. Kilinuka mafuta ya nywele, yale ya zamani ya kopo la njano, na palepale nikakumbuka kurasa za mwisho zilikwenda wapi. Nikakitupa ukutani.

"Wewe nawe," mama akasema bila hata kugeuka. "Na kinyaa chako hicho utazeeka nacho."

Nitazeeka nacho, ndiyo. Mimi ni mtu wa kinyaa na sioni haya kusema. Wenzangu wa rika langu watanielewa, kwa sababu tulikulia kwenye nyumba ambazo kikombe kimoja cha maji kilizunguka watu wote waliomo na wageni waliopita, na ukikataa unaambiwa unaringa. Mimi nilikataa. Nilikagua vijiko kwenye mwanga wa dirisha. Nilikaa na kiu mpaka watu wote watoke jikoni, nikasugue kikombe kwa majivu, ndipo ninywe. Bibi yangu wa Misungwi, mama yake baba, alikuwa ananitazama na kusema huyu mtoto atakufa njaa kwenye harusi.

Na nyumba yetu yenyewe haikumfaa kabisa mtoto wa namna hiyo. Mama alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa sebule yetu. Nywele zilikuwa kila mahali, za kichwani na za dukani: kwenye mkeka, kwenye sabuni, na Mungu anisamehe, kwenye ugali. Siku moja nilivuta uzi wa rasta kutoka ndani ya tonge, nikavuta, nikavuta, nikadhani hautaisha. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba akalichukua lile tonge kutoka mkononi mwangu, akalila.

Hao ndio walikuwa wazazi wangu. Baba, Msukuma wa Misungwi, fundi wa injini za boti, mtu wa maneno machache na kucha zilizojaa grisi. Mama, Mhaya wa Bukoba, ambaye kila kitu kwake kilikuwa habari kubwa. Alikuwa anaamka na redio. Kila wimbo uliopigwa aliuimba, awe anaujua au haujui, rumba za Kikongo aliziimba kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe, na ukimwambia siyo hivyo anakujibu, "Na wewe imba za kwako." Akikaanga sato anaimba, akichana kichwa cha mtu anaimba, akigombana na jirani kuhusu maji machafu anasimama katikati ya ugomvi anasema, "Ngoja, ngoja kwanza, huu wimbo naupenda."

Jumamosi ilikuwa siku ya sinema. Wanawake walijaa sebuleni tangu asubuhi, mmoja kakaa sakafuni katikati ya magoti ya mama, wengine wanasubiri zamu, na deki ya video inazunguka. Zilikuwa zile filamu za nje zilizotafsiriwa, ambamo jamaa mmoja mwenye sauti ya kukwaruza anasema maneno ya watu wote, wanaume, wanawake, hadi watoto wachanga. Ikifika pale penye utamu, mama anasimamisha picha, chanuo juu, na kuuliza: "Ngojeni. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Hapo ndipo vurugu huanza. Mmoja angemkimbia huyo mwanaume, mwingine angemwekea sumu, mwingine angemrudia Mungu. Mama mmoja wa soko la dagaa aliwahi kuondoka kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, kisa kamtetea adui na wenzake wakamzomea. Alirudi kesho yake kumaliziwa, na kuuliza adui aliishia wapi. Mama alikuwa haridhiki mpaka kila mtu ajibu, na mwisho alitoa jibu lake, ambalo halikuwa kukimbia wala sumu. "Mimi," alisema, "ningemuuliza yeye mwenyewe sheria yake inasemaje. Mtu mjinga anafungwa na mdomo wake."

Siku za katikati ya wiki ilikuwa zamu ya vitabu. Alivinunua vya mitumba, vimechakaa, vingine vina majina ya watu wasiojulikana kwenye jalada, na mimi nilivishika kwa ncha za vidole. Lakini mikono ya mama ilikuwa kwenye vichwa vya watu, kwa hiyo ilibidi macho yawe yangu. Nilisimama karibu na dirisha nikasoma kwa sauti, mambo ya mapenzi na mauaji ambayo mtoto wa darasa la tatu hayamhusu hata kidogo, huku mama akinisahihisha kutoka nyuma ya kichwa cha mteja. "Pumzika hapo! Mtu kafa, wewe unakimbia tu?" Wateja walipangusa machozi kwa kanga zilizojaa nywele. Nilichukia ule uchafu wote, na nilikuwa sitaki siku iishe.

Jumapili tukitoka kanisani, baada ya kula, baba na mama walikuwa na mchezo wao. Mama anampiga baba risasi kwa chanuo. Baba, mtu mzima yule, anashika kifua, anayumba, anaanguka kwenye mkeka na kutoa ulimi nje. Anakaa hivyo muda mrefu, kimya kabisa, mpaka mimi naanza kulia kweli. Ndipo mama anainama kwangu na kusema kwa sauti ya yule jamaa wa kwenye filamu: "Steringi hafi." Baba anainuka. Kila Jumapili nililia, na kila Jumapili aliinuka.

Basi baba alipougua ghafla, akapelekwa hospitali na kurudishwa akiwa ndani ya sanduku, mimi sikulia. Tulikwenda Misungwi, watu wakajaa, mashangazi wakajitupa chini, na mimi nikakaa nimenyoosha miguu yangu nikisubiri. Nilijua hii ni ile sehemu ambayo watu wanadhani kafa. Niliwaonea hata aibu kidogo, nikifikiria watakavyojisikia akiinuka. Nilimsikia shangazi mmoja akisema huyu mtoto ana roho ngumu kama ya mama yake. Walipofukia kaburi nilidhani sasa wamezidisha.

Tuliporudi Igogo, Baba Mdogo alikuja nasi. Alikuwa mdogo wake baba wa kumfuatia, na walisema amekuja kutuangalia. Alikuja na sanduku lake la nguo. Akaingia, akatazama sebule, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha baba, akakaa, akavua viatu.

Sijui nianzie wapi. Nianze na miguu? Aliiweka juu ya meza, ile meza tunayolia chakula, nyayo zimepasuka na zinanuka maziwa yaliyochacha. Nianze na kucha? Alifuga ukucha mmoja, wa kidole gumba, mrefu, wa njano. Kwa huo ukucha alichokonoa sikio, akautazama, akaupangusa kwenye kiti, kisha kwa mkono huohuo akamega ugali. Alikuwa anaweka ugoro ndani ya mdomo wa chini na kutema dirishani, juu ya majani ya mchicha ambayo mama alikuwa akiyachuma jioni. Na akimaliza kula, hili ndilo lilinimaliza, alivuta funda la maji, akasukutua, gulugulu shavu hili, gulugulu shavu lile, kisha akameza. Akameza! Nilikuwa nasimama naondoka mezani, na yeye anasema, "Shemeji, huyu mtoto hajafundishwa."

Siku ya kwanza alizima redio. "Nyumba ya msiba haina ngoma," alisema. Siku nyingine akafunika televisheni kwa shuka, na deki akampa rafiki yake. Wateja wakawa wanasukwa kimyakimya, wanamsalimia yeye kwa heshima huku wakitazama shuka. Vitabu alisema havina maana, lakini hilo halikumzuia kuvipatia kazi. Choo chetu kilikuwa nje, na siku moja nilimwona anakwenda huko na kitabu. Nikashangaa, nikadhani kumbe naye anasoma. Alipotoka, kitabu kilikuwa kwapani na kimepungua. Alikuwa anachana kutoka nyuma. Alisema za nyuma ndizo laini.

Niliganda pale uani nikiwa na ufagio mkononi. Nilitaka nikamwambie mama, lakini niliona kinyaa hata kuyatamka.

Na mama? Hapa ndipo palipoanza kunichoma. Mama alikuwa anamhudumia. Alimchemshia maji ya kuoga. Alimpigia pasi shati, tena shati la baba. Alipopika sato alimpa kichwa, na kichwa kwetu alikuwa anapewa baba. Alimwitikia, "Ndiyo shemeji, sawa shemeji," na mara moja alicheka utani wake, utani wa kijinga kabisa kuhusu ng'ombe. Mimi kwa akili zangu nilidhani mtu akivaa nguo za baba, akala kichwa cha baba, akalalia mto wa baba, anaingia kidogokidogo mpaka siku moja unageuka unamkuta ndiye. Na baba akiinuka huko Misungwi, akifika, atakuta nafasi imejaa. Nilimtazama mama akimmiminia maji mikononi na nikamwonea kinyaa. Mama yangu mwenyewe. Nikahama kitandani kwake, nikatandika mkeka wangu karibu na mlango. Mama alinitazama, hakusema kitu, na kutosema kitu kwake kulikuwa jambo geni.

Baba Mdogo ndiye aliyenieleza, bila kujua kama anamweleza mtu. Alikuwa anajitapa kwa rafiki yake, yule mwenye deki yetu sasa, wameketi kivulini nami naosha vyombo. Siku za msiba zikishatimia, alisema, wazee watakuja kufanya kikao. Ndiyo desturi ya ukoo wetu. Wanaleta kibuyu cha maji kutoka kisima cha ukoo. Mjane anakichukua na kumpa anayetaka amrithi. Akiyanywa, akayameza, mwisho wa maneno: mke ni wake, nyumba ni yake, mtoto ni wake. "Na atampa nani mwingine?" akauliza, akatema. "Niko peke yangu."

Rafiki yake akauliza, "Na akikataa?"

"Akikataa anarudi kwao Bukoba na nguo zake. Mtoto anabaki. Mtoto ni wa ukoo."

Niliosha sahani moja mpaka vidole vikakunjamana. Nilielewa vizuri sana. Ama nimpoteze mama, ama nimpate huyu. Na jinsi mama alivyokuwa akimpigia pasi, niliona ameshachagua.

Jioni ile nilimkuta mama na wateja wawili waliobaki. Baba Mdogo hakuwapo. Akaniambia kwa sauti ya chini nilete kitabu, tumalizie. Nikasoma kwa kunong'ona mpaka pale mwanamke anapofungua mlango. Nikageuza ukurasa, hakuna. Nikamtazama mama. Akaona mabaki yale yaliyochanwa, akaona uso wangu, na nadhani akaelewa karatasi zimekwenda wapi, kwa sababu chanuo lilisimama. Wale wanawake walikuwa wameinamisha vichwa, hawaoni.

"Haya," mama akasema. "Macho ya mtoto yamechoka. Mwisho wenyewe naujua." Akauendeleza hapohapo, mikono ikisuka, akamwingiza yule mwanamke ndani, akamgombanisha, akamtoa, akamvusha Busisi kwa kivuko kwenda kuanza maisha mapya Geita. Uongo mtupu! Mle kitabuni hakuna Geita. Wanawake walilia vizuri tu. Mimi nikakirudisha kitabu chini ya kabati, mbali, nisikione tena.

Wazee walikuja siku ya Jumamosi. Asubuhi mama alinichana, akanivalisha gauni la kanisani, akanishika mashavu. Mikono yake ilikuwa baridi. "Sikiliza, mama," akaniambia, maana aliniita mama akiwa na jambo zito. "Leo nikikupa kitu mbele ya watu, kipokee kwa mikono miwili. Na kinyaa chako leo kiache huku chumbani. Umenisikia?"

"Nimesikia." Nilidhani ni chakula cha wageni. Gauni lenyewe nilidhani ni la harusi yake na yule mtu, na nilikuwa na hasira mpaka masikio yananiuma.

Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyepaswa kukaa upande wake. Alikuwa anatoka Bukoba kwa barabara, na enzi hizo daraja halijajengwa. Akapiga simu: yuko Busisi, foleni ya magari haisogei, kivuko kimoja kibovu. Babu Masanja, baba mkubwa wa baba, ndiye aliyeongoza kikao, akasema hatuwezi kumngojea mtu aliye majini. Wakakaa sebuleni wanaume watano, Bibi akiwa ndiye mwanamke pekee wa upande wao, na mama peke yake kwenye mkeka waliozoea kukalia wateja wake.

Kwanza Baba Mdogo alitolewa nje, kwa sababu anayezungumziwa hakai kwenye mazungumzo. Kibuyu kiliwekwa kwenye korido, juu ya pipa la maji, kimefunikwa na sahani. Mimi nilikuwa jikoni nyuma ya pazia namenya ndizi, na nikamwona anapita. Akasimama mbele ya kibuyu. Ilikuwa joto, mdomo wa chini umevimba ugoro. Akatazama huku, akatazama huku. Akafunua sahani, akavuta funda kubwa.

Gulugulu shavu hili. Gulugulu shavu lile.

Ndipo Bibi akakohoa kule ndani, na mlango ukalia. Baba Mdogo akashtuka. Wazee walikuwa wamesema maji yasiguswe na yeyote kabla ya wakati wake. Akiyagusa, hana tena haki nayo. Akachungulia kibuyu, naona alihofia wataona yamepungua. Basi akainama, akaweka midomo yake kwenye mdomo wa kibuyu, akayarudisha. Polepole, yote. Niliona uzi wa mate ukivutika na vipande vyeusi ndani yake. Akapangusa mdomo wa kibuyu kwa ule ukucha. Akafunika. Akatoka uani, akasimama na kuweka mikono nyuma.

Nilishika mdomo wangu nisipige kelele. Halafu, jamani, nikafurahi. Nilifurahi kwa moyo wangu wote. Nani wa kumwambia? Mtoto hasemi mbele ya wazee, na hata angesema, kwa nini aseme? Maji ni yake. Ayanywe. Nitakaa pale mlangoni na gauni langu la kanisani na kumtazama akiyanywa.

Wakamwita ndani, wakaniita na mimi. Babu Masanja akaleta kibuyu, akampa mama kwa mikono miwili. Mama akapiga goti kukipokea, kisha, badala ya kusimama, akauliza kwa upole kabisa.

"Baba, mimi ni mtu wa mbali, nisije nikakosea desturi zenu. Nieleze vizuri. Maji haya nampa nani?"

"Unampa mtu wa damu ya marehemu aliyemo humu ndani," Babu akasema. "Unayemtaka wewe."

"Yeyote wa damu yake?"

"Yeyote."

"Na akishayanywa?"

"Akiyameza, yamekubali. Hakuna wa kutengua, hata mimi. Akiyatema, yamekataa, na sisi ndio tutaamua."

"Asante baba. Wote wamesikia?"

"Wamesikia," Babu akasema, ameanza kuchoka.

Baba Mdogo alishanyoosha mikono. Mama akasimama, akampita. Akapita magoti ya wazee wote, akaja mpaka mlangoni, akapiga goti mbele yangu mimi.

Sebule ikalipuka. "Huyo ni mtoto!" "Tena wa kike!" "Shemeji una wazimu?" Babu Masanja akagonga fimbo, akasema hii haijapata kutokea. Mama hakugeuka. Bibi akanyanyua mkono wake mkavu, wakanyamaza.

"Masanja," akasema, "umesema yeyote, mimi nimesikia. Huyu Kabula ni damu ya nani? Ya jirani? Mwanangu hakuacha mwingine. Mwacheni anywe."

Wote wakanitazama. Mimi nilikuwa naangalia ndani ya kibuyu. Juu ya maji palikuwa na povu dogo, na vipande vyeusi vinazunguka taratibu. Nikasikia mate yananijaa mdomoni, yale mate yanayotangulia matapishi. Nikamtazama mama nimwambie kwa macho siwezi, mama, haya siyo maji, hujui. Na hapo ndipo nilipomwona. Siku zote zile za pasi na maji ya moto na ndiyo shemeji nilikuwa sijamtazama vizuri usoni. Midomo ilikuwa inamtetemeka. Yule mwanamke mwenye neno kwa kila kitu alikuwa hana neno hata moja, ana mimi tu. Kumbe alikuwa anamnyamazisha yule mtu mpaka ifike leo, na mimi nimemwonea kinyaa.

"Pokea, mama," akanong'ona.

Nikapokea kwa mikono miwili. Mdomo wa kibuyu ulinuka ugoro. Nikafumba macho nikanywa. Yalikuwa na uvuguvugu. Kitu laini kikapita juu ya ulimi, kikasimama kooni, na tumbo lote likapanda kuja kukilaki. Nikameza. Kikarudi. Nikameza tena. Machozi yakanitoka, na nikamsikia mzee mmoja, mdogo wake Babu, akisema, "Anatema, tazameni, anatema!"

"Fungua kinywa," Babu Masanja akasema.

Nikafungua. Akachungulia muda mrefu. Bibi naye akaja akachungulia.

"Kameza," Bibi akasema. "Kikao kimekwisha. Chukueni vitu vyenu."

Baba Mdogo aliruka. "Haiwezekani! Hayo maji—" Macho yetu yakakutana. Mle ndani tulikuwa wawili tu tunaojua nimekunywa nini, na yeye akisema tu, basi amesema aliyagusa. Mdomo ukabaki wazi. Akaufunga. Akaenda chumbani kufungasha sanduku lake, na Bibi akasimama mlangoni kuhakikisha haondoki na shati la baba.

Walipanda gari la kukodi, la kuwapitisha Usagara mpaka Misungwi. Mama aliwasindikiza mpaka kibarazani kwa heshima zote, akapiga goti, akawatakia safari njema. Mimi nilisimama ubavuni pake, mkono mdomoni, jasho linanitoka. Sikuthubutu hata kusema kwaheri. Gari likaanza kushuka kilima taratibu, likikwepa mashimo.

"Una nini?" mama akauliza, akitabasamu bado kuelekea barabarani.

Nikaondoa mkono kidogo. "Alisukutua," nikasema. "Akatemea mle."

Nilimwona mama anavyoelewa. Uso wake wote ulikunjamana. Kisha akanishika ghafla, akaniziba mdomo kwa kiganja chake chenye mafuta ya nywele, akanikumbatia kwa nguvu kifuani, na kifua chake kilikuwa kinatikisika. Sijui alikuwa analia au anacheka, na mpaka leo nikimuuliza anasema vyote.

"Ngoja," akasema sikioni. "Bibi yako amegeuka anatazama. Ngoja, mwanangu. Ngoja kidogo. Wanaonekana bado."

Gari likafika kwenye mawe makubwa ya chini ya kilima, likapinda, likapotea. Mama akaondoa mkono.

"Haya, mama. Tapika sasa. Tapika yote."

Nikamtapikia miguuni, naye hakusogea.